Mama anaongea na marehemu baba alfajiri, kaka anataka kuuza ng'ombe

Shikamoo, Mama Nesi.

Nakusoma kila wiki ila sikuwahi kukuandikia, nilidhani matatizo yangu si ya kuandikwa. Sasa nimefika mahali silali.

Naishi Mwanza mjini, Buhongwa, chumba kimoja na watoto wawili, nauza dagaa na mafuta ya kupima. Mama yuko kijijini, Sengerema, na mjukuu wa miaka kumi na miwili, mtoto wa marehemu dada yangu. Kaka yetu mkubwa anaishi hatua chache tu kutoka kwa mama, na tangu baba afariki neno la kaka ndilo la mwisho.

Mama ana presha miaka tisa sasa na sukari miaka minne. Kwenye dawa si mtu wa kukumbushwa. Anazifunga kwenye pindo la kanga, za asubuhi fundo moja, za jioni fundo lingine, na hajawahi kukosa. Shida ilianza mwaka huu baada ya mavuno. Mjukuu alinipigia saa kumi na moja alfajiri analia. Bibi ameamka, nguo zimelowa jasho chapachapa, anatetemeka, anaongea na babu. Anamhimiza babu afunge ng'ombe, mvua inakuja. Babu ana miaka saba kaburini, na ng'ombe wa mama waliisha zamani. Mtoto akimwita, bibi anamtazama kama mgeni. Baada ya wiki ikatokea tena, halafu tena. Mara ya nne alitoka nje, akakutwa amekaa chini ya mwembe wa jirani, kanga moja, bado giza.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jirani mwenyewe alikuwa na mtoto anaumwa homa siku zile. Na mama ana macho mekundu tangu mimi mdogo. Mama Nesi, wewe ni mtu mzima, unaijua kanda yetu, sina haja ya kumalizia. Watoto waliozoea kuja kula michembe kwake wamekatazwa.

Kaka akaleta mganga. Mganga akasema marehemu anadai, akatoa unga wake, akaagiza mama akishikwa apewe kwenye asali, na asali iwe nyingi. Nisikudanganye, inafanya kazi. Mara mbili wamempa, haikufika nusu saa mama yuko mzima, anauliza mbona mmenizunguka. Sasa kaka haambiliki. Mganga anadai kumaliza kazi yote kunataka fedha ya ng'ombe mmoja, na mnunuzi ameshapatikana.

Mimi nilimpeleka mama kituo kimoja cha afya. Wakapima sukari, ilikuwa saa saba mchana, ikasoma 9. Wakasema si mbaya, aendelee na dawa zake. Nikaomba msamaha wa malipo kwa wazee, tukakataliwa. Kitambulisho cha taifa cha mama kinasema amezaliwa 1967. Siku ya kuandikishwa aliulizwa mwaka akajibu andikeni wowote, basi ukaandikwa huo. Dada wa dirishani akapiga hesabu, akasema huyu ana 58, bado kijana. Watu foleni nzima wakacheka. Mama naye alicheka, ila njia yote ya kurudi alikuwa kimya. Mama Nesi, mama yangu hadi leo anasimulia alivyoandamana na shule yao, yuko darasa la pili, wanaimba kuunga mkono Azimio la Arusha. Azimio ni 1967. Ina maana alizaliwa asubuhi akaandamana jioni?

Dawa nilinunua kwa fedha yangu, mtaji wa dagaa umekatika. Nisaidie. Huu ni uchawi, kichaa, au ndio uzee? Nimwache kaka auze ng'ombe? Nimchukue mama kwangu? Na hiyo bure ya wazee tunayoisikia redioni iko wapi?

Dawa zake nimenakili kwenye pakiti: glibenclamide ya sukari asubuhi na jioni, metformin nayo ya sukari, losartan ya presha, na diclofenac ya magoti anayonunua mwenyewe duka la dawa hapo senta. Jioni hali vizuri. Meno yameisha, anakunywa uji mwepesi, siku nyingine chai kavu isiyo na sukari, maana aliambiwa sukari kwake ni mwiko.

Binti wa Sengerema

*

Marahaba, mwanangu.

Jibu la barua yako umeliweka mwenyewe kwenye mistari ya mwisho, kama kitu cha kuongezea. Majina ya dawa, na ule uji mwepesi.

Mganga wenu hajakosea yote. Kaagiza asali nyingi, na asali ndiyo inayomrudisha mama yako. Ule unga ni abiria tu. Sukari ya mama inashuka usiku, inashuka mno, na ubongo hauna akiba ya chakula kingine. Ukikosa sukari unaanza kuyumba: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kisha maneno yasiyo na kichwa wala miguu, kutomjua mtu wa ndani, kutoka nje bila nguo za kutosha. Ukiachwa zaidi ya hapo, mtu anapata degedege, anazimia, anaweza asiamke. Nimekaa wodini miaka 31. Wazee niliopokea alfajiri wameletwa na kanisa zima wakiombewa, wakaamka kwa dripu ya glukosi huku waombaji wakishangilia, siwezi kuwahesabu. Sikuwanyang'anya ushindi wao. Nilichofanya ni kumvuta pembeni binti au mkwe na kumwuliza: jana usiku alikula nini?

Sasa kidonge chenyewe. Glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, umekula hujakula. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na inakaa mwilini muda mrefu. Kijana akiruka mlo atasikia njaa na kutetemeka, atakwenda jikoni. Mzee hizo dalili za mwanzo mara nyingi hazisikii, anaamka akiwa tayari amechanganyikiwa. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba glibenclamide haifai kwa waliopita miaka 60. Katika kundi hilohilo ipo gliclazide, ambayo kwa wazee ina unafuu.

Mwanangu, hapo nilipofika nikaiweka simu chini nikaenda kuchemsha chai. Faili la mama linasema 58. Mtu anayeandika dawa akisoma 58 haoni sababu ya kushtuka. Wewe unaona ule mwaka 1967 umekugharimu fedha za dirishani tu. Inawezekana umeingia mpaka kwenye fundo la kanga.

Halafu ipo diclofenac. Hiyo ya magoti. Kila mwanamke wa umri wangu anayo kwenye pochi, na mimi nilikuwa nayo. Inapandisha presha na inabana figo, hasa kwa mzee ambaye tayari anameza losartan. Figo zikidhoofika, glibenclamide haitoki kwa wakati wake, inalundikana. Kwa hiyo kidonge cha magoti kinaweza kuwa ndicho kinachokifanya kidonge cha sukari kiume kwa nguvu zaidi. Magoti yapewe paracetamol kwa kipimo cha kwenye pakiti, na akandwe kwa maji ya moto, mpaka mtu aliyesomea amwangalie.

Mbona mlipopima ilisoma 9? Kwa sababu mlipima saa saba mchana, ameshakunywa chai, pengine na muhogo. Ugonjwa unaokuja alfajiri ukiupima mchana ni sawa na kumvizia fisi saa sita jua la utosi. Namba ninayoitaka ni ya dakika ileile anayomwita baba yako afunge ng'ombe. Ikiwa chini ya 4, kesi imekwisha.

Kwa hiyo ng'ombe asiuzwe, ila usimwambie kaka hivyo. Mwambie kuna mashine ya kupimia sukari, haifiki bei ya mbuzi mzuri, na yeye ndiye anayefaa kuishika kwa kuwa yuko karibu. Mwambie umekubali dawa inasaidia, unachotaka ni kujua kati ya unga na asali nani anafanya kazi. Safari ijayo wapime kwanza, wampe maji ya sukari matupu, wangoje robo saa, wapime tena. Kaka yako si mjinga, mwanangu. Ameona kitu kimefanya kazi mara mbili, na hospitali haikumpa maelezo yoyote. Mimi pia ningemwamini mganga.

Mama akishikwa na bado anaweza kumeza: vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Soda ya kawaida inafaa, juisi tamu inafaa, asali yenu inafaa. Baada ya robo saa asipokuwa sawa, arudiwe. Akirudiwa na fahamu, ale chakula hasa, kiazi, ugali laini, uji mzito, maana sukari ya glasi inaisha haraka na kile kidonge bado kimo ndani. Usiku uleule anaweza kushuka mara ya pili. Ndiyo maana hata akiamka anacheka, apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Kama amezimia au meno yamekazana, msimmiminie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, na neno la kwanza mlangoni liwe "anatumia dawa za sukari."

Piga simu nyumbani leo, usingoje kufunga genge. Kidonge cha jioni cha glibenclamide asimeze kama hajala. Hilo wala si langu, ndilo sharti la dawa yenyewe, inakwenda na chakula. Dawa nyingine sizigusi kwa barua. Kesho apelekwe hospitali ya wilaya na mfuko mmoja wenye dawa zote, hadi za duka, hadi ule unga. Mwombeni daktari aangalie figo na afikirie upya glibenclamide. Mkifika semeni sentensi hii, ikaririni: "Mama ana miaka 68, kitambulisho kimekosea, na alfajiri sukari inashuka anapoteza fahamu." Ukisema tu "mama amechanganyikiwa" watakupeleka mlango mwingine.

Kuhusu kichaa na uzee. Uzee haumfanyi mtu asahau mjukuu alfajiri kisha saa mbili amkumbuke na jina la utani. Ugonjwa wa kusahau wa wazee upo, tena mbaya, lakini unakuja polepole kwa miezi na miaka, haurudishwi na asali. Dawa ikishabadilishwa na usiku ukatulia, kama bado anapotea njia au anauliza jambo moja mara kumi, hapo tutazungumza habari nyingine. Muulizeni daktari pia kuhusu vitamini B12, maana metformin ya miaka mingi inaweza kuipunguza, na upungufu wake unaleta ganzi miguuni na usahaulifu.

Sasa dirishani.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya 2007 inamwondolea mzee asiye na uwezo gharama katika vituo vya umma. Angalia vizuri hayo maneno asiye na uwezo. Redioni yanamezwa, dirishani yanatemwa. Mstaafu mwenye nyumba tatu za kupangisha hakukusudiwa. Mama yako amekusudiwa kabisa. Lakini anatakiwa awe na kitambulisho cha matibabu cha wazee, ambacho halmashauri inatoa baada ya kijiji kuwatambua wazee wake. Anza kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa baraza la wazee. Hilo baraza kazi yake ni hiyo, si kukaa meza kuu siku ya sherehe.

Na hili hukuambiwa: msamaha wa umri si mlango pekee. Asiyejiweza wa umri wowote anaweza kusamehewa. Mwenye uamuzi huo hospitalini ni afisa ustawi wa jamii, na dada wa dirishani hawezi kukupa asichonacho. Kesho mkifika, kabla ya foleni ya malipo, ulizeni chumba cha ustawi wa jamii kiko wapi. Nendeni na barua ya mtendaji. Msamaha huo hautajaza rafu la dawa, hilo nakubali. "Dawa hakuna, kanunue nje" imewashinda hata wenye kadi zote. Ukiambiwa hivyo omba uandikiwe, kisha upeleke karatasi kwa mganga mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali. Mara nyingine dawa inapatikana kwa njia hiyo, mara nyingine hapana.

Mwaka wa kuzaliwa unarekebishika. Unataka ushahidi, na wenye nguvu ni ule wa zamani kuliko ugomvi. Kama alibatizwa, rejesta ya parokia au kanisa ina tarehe iliyoandikwa kabla mtu yeyote hajafikiria msamaha wa matibabu. Rejesta ya shule ya msingi nayo inasaidia, kama mchwa hawajaila. Ukishapata hicho, RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, wanashughulikia cheti cha kuzaliwa cha aliyechelewa kusajiliwa, kisha ofisi ya NIDA ya wilaya, wenye vitambulisho vya taifa, inaangalia marekebisho. Ile habari ya Azimio la Arusha ni nzuri sana, iandikeni kwenye kiapo, lakini isiende peke yake. Na msipitilize kwa hasira mkamfanya awe na 75. Mimi mwenyewe nina miaka miwili ya kuzaliwa, mmoja wa kazi na mmoja wa mama yangu, na nilistaafu kwa ule wa kazi.

Kuna watu huona mambo haya ya karatasi ni usumbufu tu. Waangalie ng'ambo ya bahari. Zanzibar tangu Aprili 2016 aliyefika miaka 70 anapokea pensheni jamii, awe alikuwa katibu au mkulima wa karafuu. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nao wana Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao. Kote huko, bila umri kwenye karatasi hupati hata senti. Bara nasi tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, yenye fungu la kuwagharamia wasio na uwezo. Orodha zitakapopita kijijini kwenu, mama asomeke kwa umri wake.

Nimeacha hili nyuma kwa sababu linanitisha kuliko sukari. Mwembe wa jirani, mtoto mwenye homa, macho mekundu. Kwetu wanawake wazee wameitwa wachawi na kuuawa kwa mambo madogo kuliko hayo. Macho ya mama yako ni mekundu kwa miaka hamsini ya moshi wa kuni na vinyesi vya ng'ombe. Kila mtu kijijini anajua, ila wanajisahaulisha. Usikae Buhongwa ukisikiliza kwa simu. Nenda mwenyewe, siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefuta kisingizio cha kivuko. Nenda kwa yule jirani, mchana, na kaka, na mashine mkononi. Mwulize hali ya mtoto kwanza. Kisha mwambie mama ana ugonjwa wa sukari kushuka, ukimwona nje alfajiri mpe maji ya sukari utuite. Mtu aliyepewa kazi ya kumsaidia mgonjwa anapata shida kumnong'ona. Kama kuna aliyetamka tishio, hata kwa mzaha wa kilabuni, mtendaji aandike, na dawati la jinsia la polisi wapewe taarifa. Hapo usione aibu.

Kumhamishia mama chumba kimoja Buhongwa? Hapana, si sasa. Mzee aliyechanganyikiwa ukimbadilishia mlango na choo unamchanganya zaidi, na kijiji kitasema amekimbizwa. Anachokosa kwake ni mlo wa jioni. Mke wa kaka apike ugali wa jioni kwa watu wawili zaidi, viazi vipondwe, dagaa zisagwe, ukiwa wewe ndiye mleta dagaa sioni ugumu wake. Na aliyemwambia sukari ni mwiko alisema nusu ya neno. Ni mwiko kwenye chai ya kila siku. Alfajiri ya jasho ni dawa.

Ijumaa ukivuka, nunua robo kilo ya sukari. Itie kwenye kopo lenye mfuniko, na kijiko ndani, uliweke kichwani pa kitanda cha mama, si jikoni. Kisha mkalishe yule mjukuu, mfanyie zoezi mara mbili, usiku, taa imezimwa.